Kukariri: neno moja, ngazi tatu

Bandugu, leo tuongee juu ya neno tunalotumia bila kulipima: kukariri.

Hapa Lubumbashi wengi tunasema "kuresite". Toka masomo ya msingi mwalimu anakuita mbele: "Kuya, resite!" Unasimama, mikono nyuma, unatoa yote, unarudi kukaa. Imeisha.

Lakini kukariri imetoka kwa Kiarabu, karrara, maana yake kurudilia jambo mara na mara. Hiyo njo maana ya kwanza. Ya pili ni kushika kitu kichwani kwa ile kurudilia. Ya tatu ni kukitoa kwa sauti bila kuangalia karatasi. Zinafuatana kama ngazi. Na réciter ya Kifaransa? Imetoka kwa Kilatini recitare, ambayo zamani ilikuwa zaidi kusoma kwa sauti maandishi yaliyo mbele yako. Sisi leo tukiona mtu anasoma karatasi, tunasema hajaresite!

Ukifika Tanzania, angalia. Huko "mwanafunzi huyu anakariri tu" ni lawama: ameshika maneno, hajaelewa. Lakini kukariri shairi ni sifa, na ukilitoa kwa sauti ya kuimba wanaita kughani. Kwa Kurani wanasema kuhifadhi, yaani kutunza.

Basi kuna kubeba maneno, na kuna kuyatunza. Wazee wa Kiluba, hapa kwetu Katanga, walijua tofauti. Walikuwa na lukasa, ubao mdogo wenye shanga. Watu wa chama cha Mbudye waliupapasa kwa vidole huku wakisimulia habari za wafalme. Juu ya ubao hakuna sentensi hata moja. Shanga ilikumbusha tu. Maneno msemaji aliyapanga mwenyewe, kufuatana na watu waliokuwa mbele yake. Huyo hakuwa kasuku.

Mimi nilijifunza hiyo kwa haya. Siku ya kutafuta kazi ya kwanza nikaulizwa: "Enflasio ni nini?" Nikatoa yote ya silabusi, hata koma haikukosa. Mzee aliyekuwa ananiuliza akacheka kidogo: "Muzuri. Sasa elezea mama mwenye anauzisha bunga ku soko ya Kenya." Nikanyamaza. Yule mama anaijua enflasio kunishinda, kila asubuhi anaihesabu kwa mfuko wa unga. Mimi nilikuwa na maneno yake tu.

Sisemi tuache kukariri. Daktari, avoka, injinia, kila mmoja ana vitu ambavyo hawezi kwenda kutafuta kwenye kitabu wakati kazi inamngoja. Ila tusisimame kwenye ngazi ya tatu. Ukimaliza kushika somo, funga silabusi, elezea mtu asiye wa fakilte yako, kwa Kiswahili. Akielewa, umetunza. Asipoelewa, ulikuwa umebeba.

Na kwenu nyumbani, hii kitendo munaiitaka namna gani?