Kiharusi: Kwa nini picha ya ubongo hutangulia dawa

MTU anapolemaa ghafla upande mmoja wa mwili, mdomo ukapinda na ulimi ukawa mzito, majirani husema ni kiharusi. Aghalabu huwa wanasema kweli. Hata hivyo, hakuna daktari, awe Witeithie au London, awezaye kutambua kwa macho pekee ni kiharusi cha aina gani.

Aina kuu ni mbili. Katika ya kwanza, damu iliyoganda huziba mshipa unaolisha ubongo. Katika ya pili, mshipa hupasuka na damu ikamwagika kichwani. Dalili hufanana, lakini tiba hukinzana: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda yaweza kumwokoa mgonjwa wa kwanza na kumuua wa pili. Ndiyo sababu haifai kumpa mgonjwa aspirini nyumbani kabla hajapigwa picha.

Mashine ya CT ndiyo mwamuzi. Huzungusha miale ya eksirei kichwani, kisha kompyuta huunda picha za vipande vyembamba, mithili ya mkate uliokatwa. Damu iliyomwagika huonekana nyeupe. Isipoonekana, daktari anaweza kufikiria dawa ya kuyeyusha. Picha hii pia hutegemewa mtu anapoumia kichwa katika ajali ya bodaboda.

Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha hiyo London mwaka wa 1971. Mnamo 1979, Mwingereza Godfrey Hounsfield na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini, walitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa uvumbuzi huo.

MRI hutumia sumaku badala ya miale. Huchukua muda mrefu zaidi, ila huonyesha vyema uvimbe mdogo na mishipa ya fahamu iliyo ndani ya uti wa mgongo. Mwenye chuma mwilini sharti amweleze mhudumu mapema.

Dawa ya kuyeyusha damu kwa kawaida hutolewa kabla ya saa nne na nusu kupita tangu dalili zianze. Hivyo, familia ya Witeithie isipoteze muda ikizunguka zahanati zisizo na mashine. Gari likitafutwa, mmoja apige simu kuuliza: mashine ya CT inafanya kazi leo? Jibu ndilo litakaloamua iwapo safari ni ya Thika Level 5 au Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, upande wa Nairobi. Mwingine akumbuke saa mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho, kwani daktari hataacha kuiuliza.