Miti ya mapambo: Kilosa ina malighafi, bado haina aina yake

Anayetaka kupendezesha ua wa hoteli, shule au nyumba mpya Kilosa mjini au Mikumi hapati shida kubwa ya miche. Inayojulikana na wengi ni ileile inayouzwa nchi nzima: ashoki, mkrismasi, jakaranda na mti wa mwavuli. Ni miti mizuri, na mteja anaijua kwa macho. Lakini ashoki asili yake ni India na Sri Lanka, mkrismasi na mwavuli ilitoka Madagaska, na jakaranda Amerika Kusini. Wilaya iliyozungukwa na miombo inapamba nyua zake kwa miti ya watu wengine.

Hasara yake iko kwenye bei. Mbegu za mkrismasi huokotwa bure chini ya mti wowote. Ganda lake ni gumu, hivyo huloweshwa kwanza kwa maji ya moto ndipo zipandwe kwenye viriba. Kazi hiyo kila mtu anaiweza, na jirani akishusha bei, nawe unashusha. Tena miche ya mbegu hailingani: mmoja unachanua mapema, mwingine unachelewa, wa tatu unatanua matawi hadi barabarani. Mkandarasi anayetaka safu ya miti inayofanana kutoka geti hadi mapokezi hawezi kuhakikishiwa. Huyo ndiye mteja mwenye fedha, na ndiye anayehitaji aina mpya iliyochaguliwa na kuzalishwa kwa mpangilio.

Wateja wa namna hiyo wanategemewa kuongezeka. Treni ya SGR, iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, ina kituo Kilosa. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye kilomita za mraba 3,230, inapitiwa na barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia. Mgeni anayekuja kuona tembo anastahili kulala chini ya mti wa huku huku.

Malighafi ipo. Mkundekunde, ambao wanasayansi huuita Cassia abbreviata, hufunikwa na maua ya njano mwishoni mwa kiangazi, majani yakiwa bado hayajarudi. Myombo huchipua majani mekundu kabla ya mvua. Mwegea una maua makubwa ya rangi ya damu ya mzee. Ndani ya kila jamii kuna mti mmoja mmoja uliozidi wenzake kwa maua, umbo au ustahimilivu wa ukame. Kazi ya mzalishaji ni kuutafuta huo.

Si kila mti unafaa. Mikumi yenyewe, miti ya jamii ya mitende iliyoupa mji jina, ni mfano mzuri. Mbegu yake ikiota hushusha kwanza chipukizi chini kabisa ardhini kabla jani halijaonekana, kwa hiyo kiriba cha kawaida kinaikwaza. Haina tawi la kukata wala kubebesha. Anayeuchagua mkumi atabaki kwenye mbegu, na atasubiri miaka mingi.

Kwa miti yenye matawi, njia inajulikana. Unachagua mti mama, unauzalisha kwa vipandikizi au kwa kubebesha, unapanda watoto wake sehemu tofauti pamoja na miche ya kawaida, kisha unapima. Kikwazo ni kwamba tawi la mti mzee hutoa mizizi kwa taabu, wakati chipukizi la kisiki hutoa kwa urahisi zaidi. Hapo Kilosa ina bahati: tangu mwaka 2012 baadhi ya vijiji vyake vimekuwa kwenye mradi wa mkaa endelevu, ambamo miti hukatwa kwa mpango ili visiki vichipue. Vijiji hivyo tayari vina misitu iliyopimwa na kamati za kuisimamia. Ndani ya hifadhi ya taifa hali ni nyingine. Huko hukati tawi bila kibali.

Sheria nayo ipo. Tanzania ilitunga Sheria ya Haki za Wagunduzi wa Aina Mpya za Mimea mwaka 2012, na mwaka 2015 ikajiunga na UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina hizo. Kwa miti, ulinzi ni miaka 25. Aina inatakiwa iwe mpya, itofautike na zilizopo, miche yake ifanane, na sifa zisibadilike kizazi hadi kizazi. Onyo kwa wenye vitalu: ukiuza aina yako nchini zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuomba, umeshapoteza sifa ya upya.

Tumewahi kuona faida ikiondoka. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, alikuta ua dogo la zambarau Usambara, akapeleka mbegu kwao. Leo ua hilo lina maelfu ya aina zenye majina, nyingi zikiwa zimezalishwa Ulaya na Marekani.

Haraka nayo ina gharama. Marekani ilitoa peasi ya mapambo iitwayo Bradford mwaka 1963. Matawi yake yakawa yanapasuka, na ilipochavushana na aina nyingine ikazaa na kuvamia mashamba. Jimbo la Ohio lilipiga marufuku kuuzwa kwake kuanzia 2023. Hata kwetu, Senna spectabilis, mti wa maua ya njano ulioletwa kutoka Amerika, umevamia Hifadhi ya Mahale. Pembezoni mwa Mikumi, mti wa asili ni salama zaidi.

Wataalamu wako karibu. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ilonga, ilikotoka mbegu ya mahindi ya Staha, kiko Kilosa. Chuo Kikuu cha Sokoine na TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, ziko Morogoro. Kinachokosekana ni mtu wa kuwakutanisha na mtaji unaovumilia miaka kumi au zaidi bila mauzo. Halmashauri na wenye hoteli wanaweza kuanza kwa kuagiza mapema na kutoa ardhi ya majaribio. Na kabla kipandikizi cha kwanza hakijakatwa, mkataba uandike mgao wa kijiji chenye mti mama, ili miaka 25 ya ulinzi ilipe pia waliouacha mti huo ukiwa hai.