Fahamu: Namna ya kupiga picha ya jiwe kwa karibu kwa simu

Ukiisogeza simu hadi sentimita chache kutoka kwenye jiwe, mara nyingi picha hutoka na ukungu. Lenzi imefika kikomo chake: haiwezi tena kuikutanisha miale ya mwanga juu ya kitambuzi kilicho nyuma yake. Kukuza kwa vidole hakusaidii sana, maana simu nyingi hutanua tu kile kilichokwisha kunaswa.

Dawa yake ni lenzi ya mkononi ya wanajiolojia, ile inayokuza mara 10. Ishike mbele ya kamera, kisha sogeza simu taratibu mpaka chembe za jiwe zionekane wazi. Tabuleti nayo inafaa, ila ni nzito. Iegemeze mahali imara.

Kazi kubwa hufanywa na mwanga. Ukitoka ubavuni, huibua mikwaruzo na mashimo ambayo flashi huyafuta. Tanzanaiti ya Mirerani, mkoani Manyara, inadai uangalifu zaidi: jiwe lilelile huonyesha bluu, zambarau au wekundu kadiri unavyoligeuza, na taa ya manjano huibadili sura yake kabisa. Ukiwa mchimbaji mdogo anayeuza kwa picha, picha moja haimtendei haki mnunuzi wala wewe mwenyewe. Piga pande kadhaa, kivulini wakati wa mchana, juu ya karatasi nyeupe, na rula kando.

Kabla ya kupiga, zima huduma ya mahali kwenye kamera. Faili la picha linaweza kubeba latitudo na longitudo ya shimo lako la uchimbaji.