Jumba lililoanza kujengwa kabla mapaa yake hayajapatiwa hesabu

Machi 1959, kazi ya Jumba la Opera la Sydney ilianza kwenye rasi ya Bennelong, na hakuna aliyejua mapaa yake yangesimamaje. Jørn Utzon, msanifu majengo kutoka Denmaki aliyeshinda shindano la usanifu wake miaka miwili kabla kati ya washindani 233, alikuwa amechora mapaa kama matanga yaliyojaa upepo. Wahandisi wa kampuni ya Ove Arup walikuwa bado wanahangaika na hesabu zake.

Joseph Cahill, kiongozi wa serikali ya New South Wales, alishinikiza kazi ianze. Aliuona mradi huu kwa jicho la siasa: usipochimbwa msingi leo, wengine watauzika kesho. Mwenye hofu hiyo kichwani haulizi michoro imefikia wapi. Oktoba mwaka huohuo Cahill akafariki.

Makisio yalikuwa dola milioni 7, jumba likamilike Januari 1963. Lilifunguliwa Oktoba 1973, kwa dola milioni 102. Nguzo zilizosimikwa mapema zilibidi zivunjwe, maana zisingehimili uzito wa mapaa. Fedha nyingi zilitoka kwenye bahati nasibu ya serikali. Nadhani hilo nalo lilichelewesha uchungu.

Mwaka 1979, Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza kosa hili: mpangaji huutazama mradi wake kana kwamba ni wa kwanza duniani, asiulize iliyofanana nao iliishaje. Tuliojenga nyumba tunalijua. Fundi anasema miezi sita, nasi tunaamini, ilhali ya jirani imechukua miaka minne.

Linalonigusa zaidi, hata hivyo, ni la mwaka 1961. Hadi hapo kila paa lilikuwa na mkunjo wake, na kila ubavu wa zege ungedai kalibu yake. Ndipo Utzon akayaona mapaa yote kama vipande vya tufe moja, mithili ya maganda ya chungwa. Mkunjo ukawa mmoja, kalibu zikatumika tena na tena. Fumbo la miaka likafumbuka kwa kubadili jicho.

Februari 1966, baada ya mvutano na serikali mpya, Utzon aliacha kazi. Baada yake, ukumbi mkubwa ukabaki wa okestra. Opera ikahamishiwa ukumbi mdogo.

Simlaumu Cahill kwa ujasiri; huenda bila haraka yake jumba lisingekuwepo. Lakini wewe unayetia saini mkataba wiki hii, tafuta kwanza miradi mitano kama wako iliyokwisha kukamilika, uulize kila mmoja ulichukua miaka mingapi na ulikula shilingi ngapi.