Hofu ya Mtihani na Kinywa Kukauka

Kila Novemba vijana wa kidato cha nne, wa Bukundi mkoani Simiyu na wa kwingineko nchini, hukabiliwa na mtihani wa taifa. Wapo ambao ulimi hugandia kwenye kaakaa kabla hata karatasi hazijagawiwa. Nyumbani wengine huambiwa ni waoga, au wamerogwa. Si hivyo. Ni maumbile tu.

Mtu mzima mwenye afya hutoa mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Mate hulainisha chakula, huosha mabaki, hupunguza ukali wa asidi inayotoboa meno na hubeba kinga dhidi ya vijidudu.

Mtu anapoogopa, ubongo huuandaa mwili kupambana au kukimbia. Moyo huenda mbio, mate mepesi hupungua na yanayobaki huwa mazito. Mwaka 1983 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Marekani kwa wanafunzi wa udaktari wa meno. Ilionekana kuwa katika vipindi vya masomo mazito, kinga inayotoka na mate yao ilipungua.

Ukavu wa dakika chache haudhuru. Hatari iko katika wiki nzima za kukesha, pale mwanafunzi anapokunywa soda na kumung'unya pipi ili asisinzie. Sukari ikikaa kwenye kinywa chenye mate machache, meno hutoboka upesi na kinywa hunuka.

Mzazi afanye nini? Kwanza, mtoto alale vya kutosha. Pili, anywe maji kidogo kidogo mchana kutwa. Akiwa amefunga, ayanywe baina ya futari na daku. Kumeza mate yake mwenyewe hakubatilishi funga. Tatu, apige mswaki asubuhi na kabla ya kulala kwa dawa yenye floraidi. Sunna ya mswaki wa mti nayo ina faida hapa, kwani kutafuna huamsha mate. Nne, asipewe ovyo dawa za mafua na mzio kama piriton, maana nazo hukausha kinywa na kuleta usingizi.

Mtihani ukiisha na ukavu ukabaki, hasa ukiambatana na kiu kali na kukojoa mara kwa mara, mpelekeni zahanati apimwe kisukari. Hapo si hofu tena.