Mchoraji wa Bahari Naye Aliishi Kambini



Mwezi huu tuliwaonyesha watoto picha moja ya hadithi. Ni usiku, mbingu imejaa nyota, bahari imechafuka. Wimbi kubwa limejikunja, povu lake jeupe kama kucha. Katikati ya maji kuna pipa dogo. Mtoto mmoja akauliza, "Mule ndani kuna nani?"

Swali zuri! Ndani kuna mama na mtoto wake. Ni hadithi ya Mfalme Saltan, aliyoiandika mshairi Mrusi Pushkin mwaka 1831. Watu wenye wivu walibadilisha barua ya mfalme, basi malkia na mtoto wakafungiwa ndani ya pipa, likatupwa baharini. Mtoto akaliomba wimbi liwafikishe nchi kavu. Wimbi likasikia. Wakatokea kisiwani, wakaanza maisha upya.

Picha hiyo ilichorwa mwaka 1905 na Ivan Bilibin, Mrusi aliyezaliwa 1876. Alikuwa anachora kwanza mstari mweusi, mnene, halafu anajaza rangi katikati. Ukitazama wimbi lake utakumbuka lile la Hokusai wa Japani.

Lakini sikieni yaliyompata mwenyewe. Miaka 15 baadaye, vita ya wenyewe kwa wenyewe ilimfukuza kwao. Mwaka 1920 alipanda meli Saratov kwenye bandari ya Novorossiysk, akavuka bahari mpaka Misri. Huko akawekwa katika kambi ya wakimbizi ya Tel el-Kebir. Ndiyo, kambi, tena hapa hapa Afrika! Yule aliyechora watu ndani ya pipa, sasa naye maji yamemtupa ugenini.

Vitu vingi vilibaki nyuma, ila mkono wake alikuja nao. Alipotoka kambini alihamia Cairo, akapata kazi ya uchoraji. Mwaka 1925 akaenda Paris, na 1936 akarudi nchini kwake. Hatuwafichi mwisho wake: alikufa kwa njaa Februari 1942, Leningrad ilipozingirwa na majeshi ya Ujerumani. Picha ya pipa ipo hadi leo.

Kwa nini tunawaeleza haya? Kwa sababu tunasikia wazazi wakigomba: "Unaharibu daftari na mapicha yako!" Mama, baba, daftari ni pesa, tunajua. Lakini kuna mambo mtoto hawezi kuyasema kwa mdomo, anayaweka kwenye karatasi, au kwa mkaa ukutani. Usifute haraka. Muulize kwanza: "Huyu ni nani? Hapa ni wapi?" Tena tukumbuke, Nyundo hii hii ina shule ya sanaa inayojulikana Rwanda nzima.

Watoto, kazi yenu ni hii: leo jioni mwombeni mzazi au bibi awasimulie hadithi ya maji. Kisha chora ziwa Kivu likiwa na mawimbi, na wewe ujichore ukiwa umefika ng'ambo.