Homa Iliyojificha Ndani ya Mfupa

Mikumi imekaa kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Kilosa, makao makuu ya wilaya hiyo hiyo, iko kwenye Reli ya Kati. Katika miji hiyo na vijiji vyake, mtoto mwenye homa hupimwa malaria kwanza, na ndivyo inavyopasa. Hatari huanza pale kipimo kinapotoa jibu, na mguu ambao mtoto hataki kuukanyagia ukasahaulika.

Maambukizi makali ya mfupa, yaitwayo osteomielaitisi, huwapata zaidi watoto. Bakteria, hasa stafilokokasi, huingia katika damu, pengine kupitia kidonda au jipu dogo, na kutua karibu na ncha ya mfupa mrefu, mara nyingi jirani na goti. Usaha ukijaa hubana mishipa ya damu, na sehemu ya mfupa hufa. Mfupa uliokufa hauponi kwa dawa peke yake; ndiyo asili ya vidonda vinavyochuruzika usaha kwa miaka.

Dalili kuu ni homa, maumivu makali ya mahali pamoja, na mtoto kukataa kutumia mguu au mkono. Malaria ikionekana itibiwe, lakini haielezi maumivu ya mfupa mmoja. Picha ya eksirei nayo yaweza kuonekana safi kwa siku 10 hadi 14 za mwanzo; kuisubiri ibadilike ni kuupoteza mfupa. Kuchua na kuchanja hakuondoi usaha, bali huchelewesha tiba.

Zahanati impe mtoto rufaa siku hiyo hiyo, kiungo kikiwa kimetulizwa kwa gango. Hospitalini, damu ya kuotesha vimelea ichukuliwe kwanza ikiwezekana, kisha antibiotiki kama kloksasilini ianze mara moja kupitia mshipa. Mwenye selimundu aulizwe na atambuliwe mapema, kwani kwake salmonela ni kisababishi cha kawaida na dawa lazima iifikie. Usaha uliokusanyika hutolewa kwa upasuaji.

Homa hushuka ndani ya siku chache, ilhali tiba huchukua takriban wiki 5. Hapo ndipo nauli na kazi za shamba huwarudisha wengi nyumbani mapema. Basi mzazi aelezwe tangu siku ya kwanza: homa kushuka si kupona, na vidonge vilivyobaki ndivyo vinavyoulinda mguu.